Taimshea: hesabu ambayo muuzaji hakufanyii

Mwaka huu nimeletewa mikataba mitatu ya taimshea na watu wa kwetu Ukambani, wawili wa Makueni na mmoja wa Kitui, kila mmoja akiniuliza swali lile lile: "Wewe wa kompyuta, hebu nipigie hesabu, hii kitu ni nzuri?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, kwa hiyo leo najibu wote. Hapana. Usinunue. Sasa tuongee kwa nini, maana najua neno "usinunue" peke yake halimshindi mtu aliyekwisha kuonyeshwa picha ya bwawa la kuogelea huko Diani.

Kwa wasioijua: taimshea ni kununua haki ya kukaa kwenye nyumba ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka, kwa miaka kadhaa. Unalipa kitita mwanzoni, halafu kila mwaka unalipa ada ya matunzo. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960, ikakua sana Marekani baada ya kampuni ya RCI kuanzishwa mwaka 1974 ili wenye wiki zao wabadilishane, wewe ukae kwa fulani na fulani akae kwako. Wazo lenyewe si baya. Sisi tulikuwa na mwethya kabla ya mtu yeyote kutufundisha kugawana kazi na vitu. Tofauti ni kwamba kwenye mwethya ukimaliza kuchimba mtaro wa jirani, kesho jirani yuko kwako na jembe, na hakuna anayekutumia bili ya matunzo ya jembe kila Januari.

Kuuziwa huenda hivi. Unapigiwa simu: umeshinda! Usiku mbili za bure hotelini, njoo uchukue vocha yako, lakini njoo na mke au mume. (Jiulize kwa nini zawadi ya bure inahitaji watu wawili. Ni kwa sababu mtu aliyekuja peke yake ana njia ya kutokea: "ngoja nikaulize nyumbani.") Maelezo ya dakika 90 yanakuwa ya saa tatu. Bei inaanza juu, anaitwa meneja, inashuka, anaitwa mwingine, inashuka tena, lakini ni ya leo tu. Kuna imani Kitui kwamba ukilizunguka jiwe la Nzambani mara saba jinsia yako inabadilika. Sijawahi kujaribu. Ninachojua ni kwamba watu wazima na akili zao wakizungushwa kwenye ile meza mara saba, "hapana" yao inageuka "ndiyo".

Haya, tufungue lahajedwali. Nitatumia tarakimu za mfano zinazokaribiana na za mkataba mmoja niliouona, wewe weka za kwako. Kitita cha kuingia shilingi 450,000. Ada ya mwaka wa kwanza 38,000. Miaka 20. Chumba cha aina ile ile ukikilipia mwenyewe hotelini, tuseme 10,000 kwa usiku, yaani 70,000 kwa wiki. Tuseme pia bei ya hoteli na ada ya matunzo zote zinapanda asilimia 7 kila mwaka.

Muuzaji atakuonyesha hivi: hoteli kwa miaka 20 itakugharimu takriban 2,870,000. Taimshea, kitita pamoja na ada zote, takriban 2,008,000. Umeokoa zaidi ya 860,000! Mwalimu anaangaliana na mkewe. Kalamu inatolewa.

Nimepitia hesabu hiyo na kujumlisha kwake hakuna kosa hata moja. Udanganyifu uko kwenye kitu kilichoachwa. Hesabu inachukulia shilingi 450,000 za leo kuwa sawa na shilingi utakazolipa hotelini mwaka wa 20. Si sawa hata kidogo. Pesa usiyoitoa leo inazaa. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, na tangu 2023 mtu wa Mutomo anaweza kununua hatifungani akiwa amekaa chini ya mwembe wake, kwa simu, kupitia DhowCSD ya Benki Kuu. Riba za namna hiyo hazidumu, kwa hiyo nitakuwa mpole niweke asilimia 10 tu baada ya kodi. Ukizirudisha pesa zote kwenye thamani ya leo kwa kiwango hicho, hoteli inakuwa takriban 1,090,000 na taimshea takriban 1,042,000.

Zile 860,000 zimebaki 48,000. Kwa miaka ishirini! Na wiki moja ya hoteli, kwa wastani wa thamani hiyo ya leo, ni kama 54,500. Maana yake ni kwamba ukikosa kwenda wiki moja tu kati ya ishirini, faida yote imekwisha na umeanza kula hasara. Ukikosa mwaka mmoja katika kila mitatu, gharama ya kwenda hoteli ni kama 727,000 na wewe umeshajifunga na 1,042,000.

Sasa niambie, nani Makueni au Kitui ameenda pwani miaka 19 kati ya 20? Mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi wanauzwa, karo inasubiri. Kuna mwaka wa mazishi, kuna mwaka wa mtoto kuingia chuo. Na kuna miaka kama 2020: kuanzia tarehe 8 Aprili hadi 7 Julai mwaka ule hukuruhusiwa kabisa kuingia Mombasa, na Kilifi na Kwale nazo zilifungwa hadi mapema Juni. Ukilipia hoteli mwaka kwa mwaka, mwaka kama huo unabaki na pesa zako. Ukiwa na mkataba, ada ya matunzo haijui corona.

Tena nimempendelea muuzaji. Nimesema ada itapanda asilimia 7 sawa na hoteli. Lakini hoteli inaogopa hoteli ya jirani, wewe ukiona bei unahama. Ada ya matunzo haiogopi mtu, kwa sababu huwezi kuhama. Ifanye ipande asilimia 10 kwa mwaka uone: taimshea inafika 1,210,000, na hapo unapoteza 120,000 hata kama hukukosa wiki hata moja. Nilisoma mkataba wa mwalimu wa Wote mara mbili nikitafuta sentensi inayoweka kikomo cha kupandisha ada. Haipo. Kwenye kazi yangu, programu yenye kigeu ambacho upande mmoja tu unaweza kukibadilisha, bila kikomo na bila kumjulisha mwingine, tunaita mdudu. Kwenye mikataba hii ndiyo moyo wa biashara.

Wanaofuatilia mijadala ya programu huria wataitambua tabia hii haraka. Ni ule mtego wa zamani wa kuandika barua zako zote kwa programu moja ya kulipia, halafu baada ya miaka kumi ukagundua kwamba barua ni zako lakini ufunguo wa kuzifungua si wako. Na siku hizi wengi hawauzi wiki tena, wanauza "pointi", ambazo ni mbaya zaidi. Wiki angalau ni siku saba. Pointi ni tarakimu kwenye hifadhidata ya mtu mwingine, na thamani yake ni ile mwenye hifadhidata anayoamua asubuhi hiyo. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizozidi miaka 3 zingefutwa kuanzia Januari 2023, na nchi nzima ikapiga kelele. Zile zilikuwa pointi tulizopewa kama bakshishi. Hizi unazinunua kwa mkopo.

Ndiyo, kwa mkopo. Hapa ndipo nilipokasirika kweli. Mwalimu wangu wa Wote hakuwa na 450,000 mfukoni. Aliyemhudumia alimuuliza kwa upole kama ni mwanachama wa sacco. Mkopo wa 450,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikipungua kadiri salio linavyopungua, miaka 4, ni karibu 11,850 kila mwezi, jumla 568,800. Ongeza ada, na mwaka wa kwanza anatoa zaidi ya 180,000 kabla ya nauli na chakula. Na mkopo wa sacco una wadhamini. Hawa ni walimu wenzake wanne wa shule za jirani, ambao hawakuketi kwenye ile meza, hawakuonyeshwa bwawa, hawatalala Diani hata usiku mmoja. Akishindwa kulipa, akiba zao ndizo zinakatwa.

Halafu wiki yenyewe ilikuwa ipi? Kwenye mtandao wa kubadilishana, wiki zimepangwa kwa rangi kufuatana na mahitaji: nyekundu ndizo zinazogombaniwa, bluu ndizo zisizo na mtu. Yeye aliuziwa wiki ya mwisho wa Mei. Mwalimu! Mei shule zimefunguliwa, yuko darasani na chaki mkononi, na huko pwani ni masika. "Lakini utabadilisha upate Desemba," akaambiwa. Na nani atakayempa wiki ya Krismasi achukue ya matope?

Nitakuwa mkweli: wapo wanaofaidika. Mtu mwenye pesa taslimu, anayependa mahali pale pale, wiki ile ile, kila mwaka bila kukosa, aliyenunua kwa mtu aliyechoka nayo badala ya kununua kwa kampuni. Nimemfahamu mmoja. Ni mstaafu, na Kwale ni mwendo mfupi kwake. Na hata yeye alinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu moja ambayo wauzaji hawaitaji: vitu hivi haviuziki tena. Kwenye eBay, kwa miaka mingi, wiki za taimshea za Marekani zimekuwa zikitangazwa kwa dola 1, wenyewe wakiomba tu mtu awapokonye ada. Ukisikia neno "uwekezaji" kwenye ile meza, kumbuka hiyo dola.

Sisi tunapaswa kuwa wa mwisho kuchanganya karatasi na mali. Huku kwetu watu wanajua maana ya kushikilia cheti cha hisa za ranchi kwa miaka ukisubiri hatimiliki. Ardhi ya Malili, ekari 5,000, ilinunuliwa na serikali mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa Konza, na tangu jiwe la msingi lilipowekwa Januari 2013 tumeona kila aina ya karatasi za viwanja "karibu na Konza". Lakini hata karatasi mbovu ya kiwanja ina kiwanja mahali fulani. Mkataba wa taimshea wa kawaida unakupa haki ya kutumia tu. Huwezi kuupeleka benki kuwa dhamana, na huwezi kulima mbaazi juu yake.

Na likizo? Watoto wanastahili kuiona bahari, sijakataa. Gari moshi la kwenda Mombasa linalosimama vituo vya kati linapita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na mtu wa Kitui sasa ana lami hadi Kibwezi kupitia Mutomo. Hata baada ya nauli kupandishwa Januari 2024, daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ilikuwa 1,500, na wewe unapandia njiani. Piga simu hotelini moja kwa moja, uliza bei ya wiki, kisha uliza bei ya wiki ukilipa leo. Mwaka ambao mambo ni magumu, nenda msitu wa Kibwezi na sufuria ya pilau.

Kama umeshatia sahihi, soma aya hii polepole. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 inataja taimshea kwa jina. Inakupa siku 10, tangu siku unapopokea nakala ya mkataba kwa maandishi, kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Ulaya ni siku 14, na huko ni marufuku hata kukupokea senti ndani ya siku hizo. Hapa mara nyingi wameshachukua amana kwa M-Pesa kabla hujainuka kitini, kwa hiyo usiwasubiri na usikubali "njoo ofisini Jumatatu tuongee". Andika leo kwamba unavunja mkataba namba fulani wa tarehe fulani na unadai pesa zako. Tuma kwa barua pepe, tuma na nakala kwa rejista ya posta, tunza ujumbe wa M-Pesa na risiti ya posta. Kisha nenda sacco usimamishe mkopo kabla haujatolewa, na uwapigie wadhamini wako simu wewe mwenyewe. Mwalimu wa Wote alipokuja kwangu alikuwa amebakiza siku tatu.