Filamu ya Malcolm X imewaficha ndugu zake



Nina maoni yangu kuhusu filamu ya "Malcolm X", iliyotengenezwa na Spike Lee na kutolewa Marekani mwaka 1992. Ni filamu ya siku nyingi, lakini katika banda la video la kijiji chetu imeonyeshwa hivi karibuni tu. Kwa kuwa ni ya Kiingereza, niliombwa niwatafsirie watazamaji.

Kwanza niipe haki yake. Filamu hii ina urefu wa zaidi ya saa tatu, na sikumwona mtu akisinzia. Denzel Washington ameigiza vizuri mno, tangu ujana wa uhuni na wizi mpaka siku Malcolm alipopigwa risasi mjini New York, tarehe 21 Februari, 1965. Fedha zilipowaishia watengenezaji, Wamarekani weusi maarufu, kama Oprah Winfrey na Michael Jordan, walichanga ili kazi ikamilike. Mwishoni Nelson Mandela mwenyewe anatokea akiwa mwalimu mbele ya watoto wa Soweto. Mimi niliye mwalimu sikuweza kutafsiri hapo, nilinyamaza.

Hata hivyo filamu ina kasoro moja ambayo siwezi kuifumbia macho. Malcolm alifungwa mwaka 1946 kwa wizi, akatoka mwaka 1952. Filamu inatuonyesha kwamba aliyembadilisha gerezani ni mfungwa mmoja aitwaye Baines. Huyo Baines ni mtu wa kubuni. Ni kweli kwamba mfungwa mmoja alimhimiza Malcolm asome vitabu, lakini waliomletea habari za dini ni ndugu zake wa kuzaliwa, kwa barua na kwa kumtembelea. Dada yake, Ella, ndiye aliyehangaika mpaka akahamishiwa gereza lenye maktaba nzuri. Ella huyo huyo ndiye aliyemlipia nauli ya kwenda Hija mwaka 1964. Katika filamu hayumo kabisa.

Pengine msomaji atauliza, kasoro hiyo inatuhusu nini sisi wa kijijini? Nitamjibu kwa yaliyotokea. Filamu ilipokwisha, mama mmoja ambaye mwanawe yuko gerezani, na ambaye niliwahi kumfundisha mwanawe huyo, aliniambia, "Basi Mwalimu, na mwanangu atampata wake huko huko." Tangu kijana huyo afungwe, nyumbani kwao hakuna aliyemwandikia, kwa sababu ya aibu. Nilimweleza yule mama habari za barua za akina Malcolm. Kesho yake, saa ya mapumziko, alikuja shuleni na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, akaniomba nimwandikie. Ningekuwa sijui ukweli, filamu ingemrudisha nyumbani na faraja ya uongo.

Kasoro ya pili inafanana na hiyo. Kati ya Julai na Novemba 1964 Malcolm alizunguka nchi nyingi za Afrika. Alihudhuria mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, na mwezi Oktoba alifika Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere. Safari hiyo haikuigizwa. Makka tumeionyeshwa, na piramidi za Misri, lakini viongozi wa Afrika aliokaa nao kuwaomba waisemee haki ya watu weusi wa Marekani hatukuwaona. Hapa napo mtu anaonekana kama alisimama peke yake.

Najua filamu haiwezi kubeba maisha yote ya mtu. Lazima kitu kikatwe. Lakini ukiwakata wale waliomshika mkono, unawafundisha vijana kwamba shujaa hajengwi na watu, bali hujizukia tu kama uyoga. Wasanii wetu watakaotengeneza filamu za mashujaa wa nchi hii wajihadhari na kosa hilo.

Filamu naisifu, na nashauri itazamwe na watu wazima. Lakini anayeitafsiri asichoke kuongeza yaliyoachwa. Na mwenye ndugu gerezani asimngojee Baines. Amwandikie yeye mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.