Sudoku wala siyo hesabu, acha woga!

Leo tunaanzia mbali kidogo, mjini Sydney, Australia. Mwaka 2008 jaji mmoja kule alilazimika kuivunja kesi nzito ya dawa za kulevya, wakati mashahidi zaidi ya 100 walikuwa wameshatoa ushahidi. Kisa? Baadhi ya wale raia wanaoteuliwa kusikiliza kesi na kuamua kama mshitakiwa ana hatia walikuwa wanacheza sudoku humo humo mahakamani!

Watu walidhani jamaa wako makini, wanaandika maelezo ya ushahidi. Kumbe! Ilikuja kuonekana kuwa kalamu zao zinateremka kwenda chini badala ya kwenda pembeni kama mtu anayeandika sentensi. Zaidi ya dola milioni moja za Australia zikateketea hivi hivi. Kasheshe!

Sasa mchezo gani huo wa kumfanya mtu mzima asahau kesi? Wengi wetu tukikutana nao kwenye ukurasa wa chemsha bongo, tunaona tarakimu tu na kukimbilia ukurasa wa michezo. "Mimi na hesabu damu haziendani," ndiyo wimbo wetu. Msomaji wangu, umekimbia bure. Kwenye sudoku hakuna kujumlisha, hakuna kutoa, wala hakuna kugawanya. Ukitaka, ondoa tarakimu weka picha za matunda tisa tofauti, mchezo utabaki ule ule.

Iko hivi. Una bao lenye vyumba 81: mistari tisa ya kulala na mistari tisa ya kusimama. Bao hilo limegawanywa tena katika maboksi tisa, kila boksi lina vyumba tisa. Kazi yako ni kujaza tarakimu 1 hadi 9, na sheria ni moja tu: kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila boksi viwe na tarakimu zote tisa, bila hata moja kurudiwa. Chache utazikuta zimeshajazwa, hizo ndizo ushahidi wako.

Tuchukue mfano. Mstari wa kulala una 4, 7, pengo, 1, pengo, 9, 3, 8, 2. Hesabu vidole: zinazokosekana ni 5 na 6. Ipi ikae wapi? Usikurupuke. Tazama mstari wa kusimama unaopita kwenye pengo la kwanza. Kama humo tayari kuna 5, basi pale haiwezi kukaa tena, kwa hiyo inaingia 6, na pengo la pili linachukua 5. Umemaliza, na hujapiga hesabu yoyote ya darasani.

Njia nyingine ni kuifuata tarakimu moja. Tuseme unaitafutia 7 nafasi kwenye boksi la juu kushoto. Mstari wa kwanza una 7 yake kwenye boksi la katikati, wa pili unayo kwenye boksi la kulia. Basi kwako imebaki mstari wa tatu tu. Kama vyumba viwili vya mstari huo ndani ya boksi lako vimeshajaa, 7 imepata makazi.

Hapo ndipo ulipo utamu wake. Kila jibu la kweli linakufungulia mlango wa jibu jingine. Ila hapo hapo ndipo penye balaa: ukibahatisha, kosa halikuumbui papo hapo. Linajificha kimya, unajenga juu yake, halafu baada ya nusu saa unakuta boksi moja lina 5 mbili na hujui ulipotelea wapi. Dawa ni kufuta na kuanza upya.

Jamani, si ndivyo tunavyofanya hata mitaani? Mchumba kachelewa kurudi, simu haipokelewi, basi wewe umeshajaza jibu, tena kwa wino! Sudoku inakufundisha kusema, "Hapa bado sijajua, ngoja nitazame upande mwingine." Nao wale wa Sydney ndio wa kuchekesha zaidi: walipewa kazi ya kupima ushahidi, wakauacha ushahidi wa kweli wakapima wa kwenye karatasi.

Wengi hudhani mchezo huu asili yake ni Japani. Hapana. Ulitoka kwanza kwenye jarida moja la Marekani mwaka 1979, na anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana. Alifariki mwaka 1989 kabla dunia haijaupapatikia. Wajapani waliupokea miaka ya 1980, na Maki Kaji wa kampuni ya Nikoli akaupa jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana kwamba tarakimu lazima ziwe kapera. Umeona? Mbili za aina moja haziruhusiwi kukaa nyumba moja! Mwaka 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuuchapisha, moto ukawaka dunia nzima.

Ukitaka kuanza, chukua ile iliyoandikwa "rahisi", shika penseli na kifutio, na anzia kwenye mstari au boksi lililokaribia kujaa. Mahali penye shaka, andika tarakimu mbili ndogo pembeni ya chumba, usubiri ushahidi.

Ila tafadhali, ukiitwa mahakamani, penseli iache nyumbani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!