Mtandao Usio na Masikio

Wako wasemao kwamba intaneti ikifika Ngara na Biharamulo, maendeleo yamekwisha fika. Wanajidanganya. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Mwaka 1995 Redio Kwizera ikaanzishwa Ngara, ikasema na wakimbizi na wenyeji kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Ilisikilizwa kwa kuwa ilieleweka. Leo mkulima ambaye migomba yake yapatwa na mnyauko huenda akaletewa katika simu mashauri ya Kiingereza, yaliyoandikwa na watu wasiomwuliza neno. Kumbe Mhangaza aliyeng'oa mgomba mgonjwa kwa mikono yake ana mengi ya kumwambia Msubi wa Biharamulo, kwa Kiswahili, katika simu hiyo hiyo. Tovuti ya Kiingereza yamfaa mfadhili aliyeilipia.