Muuguzi Ahamishwe kwa Barua



Mtu wa reli hana haja ya kuelezwa maana ya uhamisho. Wazee wetu walikuwa wakifunga mizigo Nairobi na kuifungua Voi au Kisumu, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, reli yenyewe iligawanywa na watu wakagawanyika nayo. Leo twasema habari za wauguzi, kwa sababu wake zetu na dada zetu wengi wameshika kazi hiyo, na hapa Lukenya twakaa nao ua mmoja.

Wauguzi wa Kenya wamekwisha kuhamishwa pamoja na kazi yao. Tarehe 1 Januari 1970 vituo vya afya vya halmashauri za wilaya viliingia mikononi mwa Serikali Kuu. Mwaka 2013, kwa Katiba ya 2010, vikateremshwa tena kwa kaunti 47. Muuguzi alilala ana mwajiri huyu, akaamka ana mwingine. Mwaka 2017 waligoma kutoka Juni mpaka Novemba juu ya mkataba wao wa mishahara, na mwenye mgonjwa nyumbani miezi ile hajasahau.

Lakini uhamisho unaotuumiza zaidi ni ule mdogo, usioandikwa gazetini. Jirani yetu mmoja, mkunga wa miaka mingi, alipigiwa simu Alhamisi jioni. Jumatatu aripoti hospitali nyingine, tena katika chumba cha upasuaji. Barua hakuna, posho hakuna, wa kumwonyesha kazi hakuna. Hospitali hatuitaji, maana shauri bado liko mezani.

Watu husema, "Muuguzi ni muuguzi." Si kweli. Dereva wa gari la moshi akipelekwa njia asiyoijua, hapewi gari peke yake. Hupanda kwanza na mwenziwe anayeijua, ajifunze mteremko, kona na ishara, mchana na usiku, kisha atie sahihi kwamba ameijua. Hakuna amwitaye mwoga. Basi, gari lina abiria, na wodi je? Mwezi wa Machi 2020 Korona ilipoingia nchini, wauguzi walitolewa wodi zao wakawekwa kwa wagonjwa waliotengwa, nao wakaenda. Ile ilikuwa dharura, na hatulaumu. Simu ya Alhamisi haikuwa dharura ya mtu yeyote.

Tena kumbukeni leseni. Hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya kwa jina la muuguzi mwenyewe. Dawa ikizidishwa, litakaloitwa ni jina lake, si la bwana aliyepiga simu. Kwa hiyo siku ya kwanza amwambie msimamizi wazi: hili najua, hili sijui, nipangie zamu na anayejua. Aliandike, atie tarehe, abaki na nakala. Kusema "sijui" mbele ya mgonjwa ni sehemu ya kazi yake.

Na sheria ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yasema mambo yaliyoandikwa katika mkataba yakibadilika, na mahali pa kazi ni mojawapo, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Wengine watajibu kwamba mkataba wao wasema watakwenda popote. Vema, waende popote, lakini kwa barua, na waulize posho ya uhamisho kabla ya kufunga godoro.

Sasa neno lisilopendeza. Wako wenzetu wanaotaka chama kiwazuie wasiende Masinga kwa sababu Masinga ni mbali na joto ni kali. Hapo hatutasimama nao. Mama wa Masinga naye huzaa usiku.

Na nyinyi waume wa reli, ambao huhamishwa na kutarajia mke afuate bila neno! Mke akihamishwa yeye, mwanamume hununa, akasema nani atapika. Nani atabaki na watoto, nani atalipa vyumba viwili, nani atasafiri mwisho wa mwezi: haya yasemwe nyumbani kabla ya siku ya kuripoti. Reli ya zamani ilikuwa na makosa mengi, lakini mtu alihamishwa akijua kuna landi na chumba, hata kama ni chumba kimoja kama vile vya Muthurwa. Muuguzi wa leo hushuka kwenye matatu na mzigo wake, akaanza kuuliza nyumba barabarani.

Kamati ya tawi itakaa Jumamosi baada ya malipo. Aliye na mke au dada aliyehamishwa kwa mdomo amlete, au alete tarehe ya simu, saa yake, na cheo cha aliyepiga. Tutamsaidia kuandika barua ya kwanza, naye ataipeleka kwa chama chake cha wauguzi.