Miradi ya Watoto Isinunuliwe Dukani

Mhariri,

Nimekerwa na tabia inayoota mizizi mtaani kwetu. Mzazi hupokea ujumbe jioni kwamba mtoto alete kazi ya mikono kesho, naye hukimbilia dukani kununua iliyokwisha kutengenezwa. Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, ulitaka mzazi ashiriki, si alipe tu.

Juzi binti yangu wa Gredi ya 4 aliagizwa kibuyu chirizi, yaani mtungi wa kunawia mikono unaoinamishwa kwa mguu. Tuliketi uani na mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, msumari uliopashwa moto, kamba na kijiti cha kukanyagia. Mimi nilitoboa karibu na mdomo. Yeye akapima kamba, akaifupisha mpaka mtungi ukainama vyema kila alipokanyaga. Kufunga kitanzi nilimfundisha mimi. Kwa nini maji hayamwagiki mtungi ukisimama wima, alinieleza yeye, tena kwa furaha ambayo sijaiona akifungua daftari.

Naiomba Wizara ya Elimu iwaagize walimu watoe kazi hizi Ijumaa, zitumie vitu vilivyomo nyumbani, na za dukani zisipokelewe. Wazazi wenzangu, kwenu mnafanyaje?

Mama mzazi,
Nakuru