Anayenunua Programu Huria Ajue Anachonunua

Msimu wa korosho wa 2018 haujasahaulika Lionja na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa. Oktoba mwaka huo wakulima wa kusini walizikataa bei za mnadani, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo. Oktoba hiyo hiyo, huko Marekani, kampuni kubwa ya kompyuta ya IBM ilitangaza kuinunua kampuni ya Red Hat kwa dola bilioni 34. Kila hisa ya Red Hat iliahidiwa dola 190, ilhali kabla ya tangazo ilikuwa ikiuzwa sokoni chini ya dola 120.

Kwa mfanyabiashara, bei hiyo inahitaji maelezo. Red Hat inauza huduma za Linux, na Linux ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiongoza kompyuta, uko wazi, na leseni inamruhusu mtu yeyote kuuchukua, kuubadili na kuugawa. Simu za Android zilizo mifukoni mwa madalali wa ufuta nazo zinaendeshwa kwa msingi huo huo wa Linux. Sasa IBM ililipa mabilioni yote hayo kwa kitu gani?

Ilinunua jina, mafundi, na wateja wanaolipia huduma na matengenezo kila mwaka. Anayenunua korosho katika ghala la AMCOS huondoka na magunia, na mkorosho hubaki shambani kwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo hapa. Msimbo ulio huria haumilikiwi na mnunuzi peke yake, na fundi akikasirika huondoka nao.

Hilo limekwisha kutokea. Sun Microsystems iliinunua MySQL, programu ya kutunza kumbukumbu, kwa dola bilioni 1 mwaka 2008. Mwaka uliofuata Oracle ikatangaza kuinunua Sun yenyewe. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, hakungoja. Alichukua msimbo ule ule akaanzisha MariaDB, ambayo inatumika hadi leo. Red Hat nayo, Desemba 2020, ilitangaza kwamba CentOS, programu iliyotolewa bure, ingefikia mwisho wake kwa namna iliyozoeleka. Haukupita muda mrefu zikatokea AlmaLinux na Rocky Linux kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo mnunuzi anayekamua wateja kupita kiasi huwafukuza, na thamani aliyoilipia hupungua. Anayewatunza hupata faida. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ambayo mwekezaji anapaswa kuifanya anaposikia kampuni ya namna hii inatafutiwa mnunuzi: je, wateja na mafundi watabaki?

Hesabu ya pili ni ya bei. Siku ya kwanza ya soko baada ya tangazo la IBM, hisa za Red Hat zilipanda hadi karibu dola 170. Hazikufika 190. Pengo hilo lilikuwa bei ya kungoja, na ya wasiwasi kwamba biashara ingeweza kuvunjika. Hisa za IBM zilishuka kwa kiasi cha asilimia 4 siku hiyo. Ununuzi ulikamilika Julai 2019, miezi zaidi ya minane baadaye. Faida kubwa ilikwenda kwa aliyekuwa na hisa za Red Hat kabla ya tangazo. Aliyekimbilia soko baadaye aliokota masalio.

Wenye hisa nchini wameliona jambo hilo kwa karibu. Ununuzi wa hisa nyingi za Tanga Cement uliotangazwa mwaka 2021 ulipitia mabishano ya kisheria kuhusu ushindani wa biashara, na ulikamilika mwaka 2023. Tangazo si fedha mkononi, na uvumi ni mbali zaidi ya tangazo.

Mwenye duka au chama cha ushirika kinachotunza hesabu zake kwa programu huria naye ana la kufanya. Hana haja ya kuogopa kila kampuni inapobadili mwenyewe, kwa kuwa toleo alilo nalo leseni yake inamruhusu kuendelea kulitumia. Kinachoweza kupanda ni bei ya matengenezo. Akae na nakala ya kumbukumbu zake mahali pake mwenyewe, ausome mkataba wa huduma kabla ya kutia sahihi, na amjue fundi wa pili anayeifahamu programu hiyo.

Mwekezaji mdogo asiuze ufuta wake kwa pupa ili akanunue hisa kwa kufuata minong'ono. Mkubwa akikosea kwa bilioni moja atabaki na nyingine. Mdogo akikosea, msimu mzima umekwenda.