Muuzaji Asiyesikiliza

Wapo wasomi wenzangu wanaodhani kuuza ni kazi ya mdomo. Mimi siafiki. Ukipita Kariakoo kwa utulivu utaona kwamba muuza vitenge anayemaliza mzigo mapema si lazima awe yule anayepiga kelele mlangoni, mara nyingi ni yule anayeuliza, "Dada, ni cha harusi au cha msiba?" kisha akanyamaza mpaka ajibiwe.

Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio nchini Kenya kwa kushirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Nia ilikuwa mkopaji apokee na kurejesha mkopo wake kwa simu. Washiriki hawakuishia hapo. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliziweka humo kabla ya kusafiri ili wasitembee na noti mfukoni. Mtaalamu mwenye kiburi angeandika kwamba wateja hawakuielewa bidhaa, hivyo wapewe semina. (Na semina sisi tunazipenda!) Wabunifu wale waliyatazama matumizi hayo wakayasikia yanachosema. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo haukuwa tena kiini chake; ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Bidhaa iliyouzika hivyo ilikuwa imependekezwa na wanunuzi wenyewe.

Serikali nayo ni muuzaji. Huuza sera, na malipo yake ni ridhaa ya wananchi. Julai 2021 Tanzania ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Tukaelezwa habari za zahanati, madarasa na barabara za vijijini, mambo ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeyapinga. Malalamiko yakatanda, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tukapongezana kwamba serikali ni sikivu.

Hata hivyo, kusikia kilio ni jambo moja, na kusikiliza kabla ya kupanga bei ni jambo jingine. Anayemtumia mama yake kijijini fedha ya dawa hafanyi biashara. Mzazi anayemtumia mwanafunzi wangu nauli na fedha ya chakula anagawana kilichobaki baada ya makato mengine. Mambo haya hayakuhitaji utafiti wa shahada ya uzamivu. Yalihitaji kuulizwa mapema, wakati jibu bado lingeweza kubadili andiko. Kwa kawaida yetu maoni hukusanywa muswada ukiwa umekwisha kuandikwa, na mtoa maoni hupewa dakika chache za kuafiki.

Afisa atakayeandaa Muswada wa Fedha ujao ningemwomba akae siku moja kwenye kibanda cha wakala, mwisho wa mwezi, aone nani anatuma, nani anapokea na ni shilingi ngapi. Kiti wakala atampa.